Kumsindikiza kuruta: Mwanza, Nansio, Kisorya mpaka Butiama

Safari yenyewe ilikuwa ya mwezi wa sita, nimechelewa kuiandika manake picha nyingi zilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu na simu kaiacha nyumbani, mpaka kupata namba ya siri ilikuwa kazi. Kwa kifupi ni kwamba mdogo wangu kamaliza fomu siksi, majina ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, mujibu wa sheria yakatoka, kapangiwa Rwamkoma, huko Butiama mkoani Mara. Mtu mwenye haraka zake anapanda basi Nyamhongolo asubuhi na mchana anakula Butiama. Sisi tukazunguka na Nansio, kisiwani Ukerewe, kwanza kwa sababu shangazi alipiga simu akasema huyo mtoto asikanyage kambini kabla sijamuona, na kwetu shangazi akishasema hivyo hata baba hana rufaa.

Shangazi ni ofisa mstaafu. Ukoo mzima unamjua kwa jambo moja, miaka ya themanini alipelekwa nje kusomea uofisa kwenye chuo ambacho mpaka mwaka ule kilikuwa hakijawahi kuchukua mwanamke hata mmoja. Chuo chenyewe kanikataza kukitaja, kwa hiyo msiulize. Mdogo wangu ndoto yake ni hiyohiyo, akitoka JKT anataka siku moja awe ofisa mwanafunzi, Monduli Mungu akipenda, na toka yuko fomu tuu anakusanya habari za wanawake walioingia vyuo vya jeshi vya wanaume duniani kote. Anazo kichwani kama vijana wa mtaani wanavyokuwa na kikosi cha Yanga.

JUMATANO, MWANZA MJINI

Siku ya manunuzi. Orodha ya JKT mnaijua, bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, iishie magotini, tisheti ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, mashuka mawili ya bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, truksuti. Ukisoma unaona rahisi. Ingia sasa mjini utafute bukta ya kike inayofika magotini halafu haina zipu! Tulianza Mlango Mmoja kwenye mitumba, tukapata nzuri ya elfu nane ila ina zipu mbele, tukaenda nayo kwa fundi mmoja mama mtu mzima pale Makoroboi, akaitoa zipu, akaziba, akaingiza mpira mpya, wakati anashona akauliza ni ya nini. Tukamwambia. Akasimamisha cherehani akamuangalia mdogo wangu kuanzia juu mpaka chini, akasema wa kwangu alienda akarudi anatandika kitanda mwenyewe. Hela ya ushonaji akagoma kupokea, akachukua ya mpira tu, buku.

Raba elfu 25, mashuka 15. Kama na wewe unaandaa mtu, nunua kila kitu Mwanza, huko mbele zile wiki za kuripoti rangi ya kijani inapanda bei ghafla.

ALHAMISI, MELI YA NANSIO

Bandarini tuliambiwa saa tatu, tukaondoka saa tano kasoro. Mizigo. Magodoro, sementi, kreti za soda, pikipiki mbili mpya zikiwa bado na maboksi, na kuku ambao mwenye nao aligombana na kila mtu. Daraja la tatu tulilipa elfu nane kwa kichwa, bei ya siku hiyo. Kaa upande wa kushoto kama unaenda asubuhi, kulia jua litakumaliza. Masaa matatu na ushee kama ziwa limetulia, na siku hiyo lilitulia.

Pembeni yetu kulikuwa na mama anarudi Nansio kutoka kuuza dagaa Mwaloni Kirumba, ana chupa ya chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye kontena, akatugawia bila hata kujuana. Akauliza binti anaenda wapi, mdogo wangu akajibu jeshini, basi ndo kafungua bomba. Akamsimulia habari ya Shannon Faulkner. Na mimi niliisikia vizuri siku hiyo, nyumbani huwa namkatisha.

Iko hivi. Kule Charleston, South Carolina, kuna chuo cha kijeshi kinaitwa The Citadel, kipo toka 1842, wanaume watupu. Mwaka 1993 kikampokea huyo dada bila kujua kuwa ni msichana, manake kwenye karatasi za shule alizotuma kila palipoonyesha jinsia pamefutwa. Walipogundua wakamfungia mlango. Akaenda mahakamani, kesi ikavutana na kuvutana, Agosti 1995 akaingia kwenye kikosi cha makadeti, msichana peke yake katikati ya mamia ya wavulana. Siku ya kwanza joto lilikuwa kali akaishia zahanati ya chuo, na wiki haijaisha akatangaza anaondoka, mwenyewe akasema ile miaka ya kesi imemlemea. Makadeti wakashangilia, picha zipo mpaka leo. Na siku hizohizo kuna wavulana kadhaa wa mwaka wa kwanza na wenyewe walishindwa wakafungasha virago.

Mama wa dagaa akauliza, "Na hao wavulana waliwashangilia?"

Hapana.

"Basi," akasema, akamuongezea matobolwa.

Nansio tulifika saa nane na nusu. Shangazi alikuwa gatini kavaa kitenge na raba, kasimama kwenye kivuli cha kibanda, hakutupungia mkono wala nini. Alivyotufikia alimkagua mdogo wangu viatu kwanza ndo akaitika shikamoo.

IJUMAA, NANSIO

Mchana sina la kusema, tulifua, tulikula, tulizunguka shambani kwa shangazi kuona machungwa. Sato wa kukaanga na ugali wa muhogo pale sokoni elfu sita na anakushinda, kama hujazoea ugali wa muhogo anza kidogokidogo. Gesti za elfu 20 zipo nyingi karibu na stendi, safi tu, sisi tulilala kwa shangazi. Wenye muda wapande boti waende Ukara wakaone jiwe linalocheza. Sisi hatukwenda.

Usiku umeme ukakatika na shangazi ndo akaongea. Toka nimekuwa na akili zangu sijawahi kumsikia akiongelea kile chuo zaidi ya dakika mbili.

Walienda wawili, yeye na mwenzake binti wa Tabora. Walifika wakakuta hakuna bweni la wanawake, wakapewa stoo ya vifaa vya michezo, wakaipiga deki siku nzima na bado ilinuka mipira. Bafu ilikuwa ya zamu, mlangoni kuna kibao, upande mmoja kimeandikwa wanaume upande wa pili hakijaandikwa kitu. Buti ndogo kuliko zote stoo ilikuwa namba saba na yeye anavaa tano. Akaushika mguu wa mdogo wangu kutuonyesha, unaweka kitambaa mbele ya vidole hapa, usiweke kisiginoni, kisiginoni kinajikunja ukitembea kilomita mbili umechubuka, halafu soksi mbili, ya ndani unaigeuza mshono uwe nje ili usikukate. Alikuwa anaongea anabonyeza ule mguu gizani na sisi tumetulia kimya.

Kwata anasema haikumshinda, mbio hazikumshinda, mwanaume unamkimbiza au anakukimbiza, mnafika. Kilichomtesa ni kitu kingine. Mvulana akianguka kwenye mbio mkufunzi anamuita kwa jina lake, wewe fulani, amka. Yeye akianguka mkufunzi hamuiti, anawageukia wengine anasema mnaona, wanawake. Siku akifaulu vizuri shabaha wanasema huyu dada ana jicho. Yaani kufaulu kwake ni kwake, kushindwa kwake ni kwa wanawake wote, wakiwemo mama yake na bibi yake walioko kisiwani wanapalilia mihogo hawana habari.

Mdogo wangu akamwambia ndo kama Shannon Faulkner. Shangazi hamjui. Akaelezwa. Akauliza swali moja tu, "Walikuwa wangapi?"

Mmoja.

"Angewezaje?"

Ikawa ndo mchezo wa usiku ule, mdogo wangu anataja, shangazi anauliza walikuwa wangapi. The Citadel mwaka uliofuata, 1996? Wanne, wawili wakaondoka baada ya miezi michache wakilalamika kunyanyaswa, wawili wakabaki mpaka wakahitimu, wa kwanza ni Nancy Mace mwaka 1999, ambaye baadae akawa mbunge. "Wanne si haba." West Point, chuo kikubwa cha jeshi la Marekani, 1976? Waliingia 119, wakahitimu 62 mwaka 1980. "Eeh, hao sasa wanaweza kupika njama." India, chuo cha kijeshi cha NDA, wasichana wa kwanza wamehitimu mwezi wa tano 2025, 17. "Hao wanatosha."

Halafu akasema yeye na yule wa Tabora walikuwa na sheria moja, hawalii siku moja. Waliwekeana zamu ya kulia. Leo ukilia wewe mimi nakaa mlangoni, kesho tunabadilishana. Akampigia simu mwenzake palepale saa nne usiku akaweka spika. Yule bibi wa Tabora akasikiliza, akacheka mpaka akakohoa, akasema muongo huyo, zamu zilikuwa zake zote, mimi ndo mlinzi wa mlango.

Simu ilivyokatika shangazi akauliza, kesho unasafiri na wasichana wangapi wa Rwamkoma? Mdogo wangu akajibu hajui, peke yake, na dada. Shangazi akasema mimi nawapeleka mpaka getini na hatufiki pale na msichana mmoja.

JUMAMOSI, RUGEZI, KISORYA, BUNDA

Basi la Nansio kwenda Bunda linaondoka alfajiri, kata tiketi jana yake. Mpaka Rugezi unafika mapema, pale abiria mnashuka, basi linapanda kivuko, na nyie mnapanda kwa miguu. Hela ya kivuko ni ndogo ila uwe na chenji, hakuna atakayekuvunjia noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi.

Hapo ndo tukapigwa na kuchelewa. Mbele yetu kulikuwa na lori la machungwa, lilivyopanda tu ule mlango wa kivuko likazimika, nusu ndani nusu nje. Dereva anapiga starta, wapi. Kulisukuma haliendi, zito. Ikabidi kushusha mzigo. Watu wakaanza kulalamika na kutafuta chai, shangazi kavua kanga kajifunga kiunoni kapaza sauti, "Kuruta wa JKT, wote, hapa!" Mi nilijua anamuita mdogo wangu. Kutoka kwenye foleni wakajitokeza wavulana watatu na msichana mmoja mwembamba mrefu, kabeba begi ambalo raba mpya za kijani zimefungwa juu kwa kamba zake. Wakapangwa mstari, machungwa yakashushwa kwa kupokezana, lori likasukumwa, yakapakiwa tena upande wa pili. Saa nzima na zaidi imeenda. Mwenye lori kawapa kila mmoja mfuko wa rambo umejaa machungwa, na shangazi akapewa miwili akaikubali bila kusitasita.

Yule msichana mrefu katokea Ilangala, anaenda Rwamkoma, anasafiri mwenyewe. Shangazi akamwambia kaa na huyu. Wakawa wawili.

Kisorya mpaka Bunda ni lami, unapita vijiji vya wavuvi na mashamba ya pamba, kwenye basi ukaanza mjadala. Mzee mmoja nyuma ya dereva kaona zile raba, akasema kwa upole tu, hana ubaya, kwamba msichana akasome unesi, jeshi ni kazi ya wanaume toka enzi. Mdogo wangu kajizuia kidogo, halafu akaanza kumwambia habari ya Virginia Military Institute, chuo cha toka 1839 hukohuko Marekani, kwamba walibisha mpaka Mahakama ya Juu, tarehe 26 Juni 1996 majaji saba dhidi ya mmoja wakasema mlango ufunguliwe, hukumu ikaandikwa na jaji mwanamke, Ruth Bader Ginsburg, kwamba huwezi kumzuia mtu anayeweza kwa sababu tu wengi wa jinsia yake huenda hawapendi. Wakaingia wasichana 30 mwaka 1997. Mzee akasema hizo ni habari za Wazungu. Konda, ambaye muda wote anahesabu hela mlangoni, akauliza bila kuinua kichwa, "Mzee, Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hii toka 2021 ni nani?"

Basi zima likacheka, mzee mwenyewe akacheka. Akasema sawa, lakini yule hajakimbia na begi mgongoni. Shangazi akageuka taratibu akamwambia mimi nimekimbia nalo. Wakaongea wao wawili mpaka Bunda, mwisho wa safari mzee ndo aliyemshushia begi.

Bunda stendi shangazi alifanya kazi moja, kuangalia miguu. Raba za kijani au bluu, mpya, kwenye miguu au juu ya begi, akiziona anafuata. Mmoja alikuwa kakaa kwenye kibanda cha chipsi na baba yake, katokea Nassa. Wawili wametoka shule moja Mwanza ila hawaongei, waligombana toka fomu faivu, shangazi akasema ugomvi mtaumalizia kambini, mkifika mtakuwa hamna nguvu nao. Jioni tukawa na wasichana watano na wazazi wanne kwenye gesti moja. Vyumba elfu 20, msosi mama ntilie wa nje wali maharage na dagaa buku mbili. Mama mwenye gesti alivyoona wanashea vitanda akawatolea godoro la ziada bure.

JUMAPILI, BUTIAMA

Bunda unapanda hiace ya kwenda Musoma unashuka Makutano, pale unapata gari za kuingia Butiama. Tulikodi moja sisi wote ikawa nafuu kuliko kulipa kichwakichwa, na hii ndo faida ya wingi ambayo hata baba wa Nassa aliyekuwa hataki kuongea na mtu aliielewa haraka. Butiama tulipita pale kwa Mwalimu, kaburi lake na makumbusho, nusu saa, wasichana wakapiga picha ya mwisho kwenye simu.

Mambo ya getini yaandae mapema. Vyeti na nakala zake kwenye mfuko wa plastiki, hela ya nauli ya kurudi weka mbali na hela ya matumizi, simu waachie wazazi. Na kula kabla, foleni ni ndefu.

Njiani shangazi aliwaambia wale watano mambo machache na mengi hayaandikiki. Moja naliandika. Mmoja wenu akitaka kuacha, asiamue usiku, na asiamue kabla hajawaambia wanne. Yule mrefu wa Ilangala akauliza na wote watano tukitaka kuacha? Shangazi akafikiri. Akasema basi hapo kambi ndo ina tatizo.

Getini kulikuwa na wasichana wengi kuliko nilivyotegemea, makundi makundi, na anayepokea fomu ni afande wa kike kijana, kombati imenyooka, sauti haijapanda hata mara moja na foleni imenyooka. Shangazi akasimama pembeni na kitenge chake, visigino pamoja. Yule afande akawa anamtupia jicho, akasaini fomu mbili tatu, akamtupia tena, mwisho akamsogelea akauliza, "Afande, wewe ulikuwa kikosi gani?" Waliongea chini chini, sikusikia, ila niliona shangazi anamuonyesha kwa kidole buti zake, na yule binti anainua mguu kidogo amuonyeshe. Namba tano.

Mdogo wangu aliaga haraka, ndo alivyo. Alisema dada chaji simu yangu mara moja moja isife.

JUMATATU, KURUDI

Shangazi kageuzia Bunda kurudi kisiwani, mimi nikachukua basi la Mwanza kupitia Lamadi na Magu. Kaa kulia ukitaka kuona ziwa, kushoto ukitaka nyani, kati ya Bunda na Lamadi wanakaa barabarani wanangoja ndizi, msiwape. Mahindi ya kuchoma Magu, mia tano. Nyamhongolo nilishuka saa tisa.

Baba wa Nassa, ambaye safari nzima alitamka maneno kama kumi, ndo kafungua grupu la wazazi usiku uleule, kaweka na picha ya wasichana watano getini. Toka hapo hatulali. Wanamaliza baada ya miezi mitatu na tayari kuna mvutano wa kukodi kosta ya kwenda kwenye kuapishwa kwao, wa Mwanza wanataka ianzie Nyamhongolo, wa Ilangala anataka ianzie Kisorya, na shangazi katuma sauti ya dakika nne akieleza kwa nini wote wamekosea na kwamba kosta haitoshi, tafuteni basi.